Utoro au Uamuzi? Familia, Shule na Elimu ya Kaya katika Ushirombo na Ukanda wa Dhahabu, 1891–2021

1.0 Utangulizi

Historia ya elimu nchini Tanzania imeandikwa kwa kiasi kikubwa kama historia ya shule. Huanza na misheni, hupitia ripoti na sheria za wakoloni, hufika kwenye Azimio la Arusha na Azimio la Musoma, na huishia katika takwimu za uandikishaji. Mtoto asiyekuwamo darasani huingia katika historia hiyo kwa jina moja tu: mtoro. Mzazi wake naye huingia kwa sifa moja tu: asiye na mwamko.

Neno hilo lina historia yake. Katika Kiswahili cha pwani cha karne ya 19, mtoro alikuwa mtumwa aliyemkimbia bwana wake. Watoro wa namna hiyo walijenga makazi yao wenyewe, kama vile Fuladoyo nyuma ya pwani ya Kenya, na wengine walikimbilia himaya ya Witu. Maana ya msingi ya neno ni kwamba yuko mwenye haki juu ya aliyeondoka. Kwa hiyo, dola inapomwita mtoto mtoro, tayari imekwisha kuamua kwamba mtoto huyo ni wa shule kabla ya kuwa wa mahali pengine popote. Insha hii inachunguza madai yaliyokuwapo upande wa pili, yaani madai ya kaya, kwa kutazama Ushirombo, makao makuu ya Wilaya ya Bukombe, pamoja na maeneo jirani ya Kahama na Geita. Wilaya ya Bukombe ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Shinyanga hadi Mkoa wa Geita ulipoanzishwa mwaka 2012.

Mjadala wa kimataifa kuhusu kujifunza bila shule una umri mdogo. Ivan Illich alichapisha hoja zake dhidi ya jamii iliyoifanya shule kuwa mlango pekee wa elimu mwaka 1971. John Holt, mwalimu wa Marekani, alianzisha mwaka 1977 jarida la wazazi walioamua kuwaacha watoto wao wajifunze nje ya shule, kwa kufuata udadisi wa mtoto mwenyewe. Mwaka huohuo wa 1977 ndio uliokuwa kikomo kilichowekwa Tanzania kwa kila mtoto wa umri wa kwenda shule kuwa darasani. Insha hii haidai kwamba wafugaji wa Bukombe walikuwa wafuasi wa Holt. Inadai jambo dogo zaidi: kwamba kutompeleka mtoto shuleni kulikuwa, katika vipindi vingi, uamuzi uliofikiriwa, wenye sababu zinazoweza kuelezwa kihistoria, na kwamba uamuzi huo haukuwa wa aina moja. Kuchanganya aina zake kumewapotosha watawala na watafiti pia.

2.0 Elimu Kabla ya Darasa

Kabla ya 1891, kaya ya Kisumbwa au ya Kisukuma ilikuwa na mpangilio wa mafunzo unaojulikana na kila mtu mzima. Mtoto wa kiume alianza na mbuzi na ndama karibu na nyumbani, kisha akakabidhiwa ng'ombe. Kuchunga kulikuwa somo la mimea, maji, maradhi ya mifugo, mipaka ya ardhi na tabia za wanyama. Ujuzi wa ngitili, yaani malisho yanayotengwa ili yatumike wakati wa kiangazi, haukuwezekana kupatikana kwa maneno peke yake. Ulihitaji miaka ya kutazama nyasi zikirudi. Jioni, vijana walikaa na wazee kwenye shikome, moto wa kaya, ambako nasaba, kesi, mafumbo na hadithi vilipokezwa. Mtoto wa kike alijifunza kwa mama, shangazi na bibi: kilimo, uhifadhi wa mbegu, malezi, dawa na adabu za ukweni.

Mafunzo hayo yalikuwa na ngazi ya juu pia, nayo ilikuwa safari. Wasumbwa walikuwa wafanyabiashara wa masafa marefu waliofika hadi Katanga kufuata shaba. Msiri, aliyeasisi himaya ya Garenganze huko Katanga na kuuawa Desemba 1891, alikuwa na asili ya Usumbwa na alifika huko kwa njia hiyo ya biashara. Kijana aliyekwenda na msafara hadi pwani au hadi Katanga alirudi na lugha mpya, ujuzi wa vipimo na bei, na heshima ya mtu aliyeona. Hivyo, shule ilipokuja haikukuta uwanja mtupu. Ilikuta mfumo uliokuwa na walimu, hatua na vyeo vyake, na ambao zawadi zake, yaani ng'ombe, mahari na jina, zilikuwa wazi kwa kila aliyeutazama.

3.0 Misheni na Watoto Wasio na Jamaa

Wamisionari wa Afrika, maarufu kama Mapadri Weupe, walianzisha misheni ya Ushirombo mwaka 1891. Misheni hiyo ni miongoni mwa zile kongwe za Kikatoliki magharibi mwa Tanzania, na ilikuwa kituo muhimu cha Vikarieti ya Unyanyembe chini ya Askofu Gerboin, aliyefariki mwaka 1912. Leo parokia hiyo imo katika Jimbo la Kahama.

Ni muhimu kuuliza ni watoto gani walioketi kwanza mbele ya walimu wa misheni za namna hiyo. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika hilo, aliweka utaratibu wa kuwakomboa watoto watumwa na kuwalea misheni. Mfano unaojulikana zaidi ni Adrien Atiman, aliyetekwa utotoni Afrika Magharibi, akakombolewa, akasomeshwa hadi Malta, kisha akafika Karema mwaka 1889, ambako alitibu wagonjwa hadi kifo chake mwaka 1956. Maisha ya Atiman yanaonyesha uwezo wa shule. Lakini pia yanaonyesha sharti lake la mwanzo: mwanafunzi wa kwanza wa shule ya misheni alikuwa mara nyingi mtoto aliyekwisha kupoteza jamaa. Hakuwa na ng'ombe wa kuchunga, hakuwa na shikome ya kurudi jioni, wala mjomba wa kumdai.

Kwa kaya zilizokuwa na jamaa na mifugo, tafsiri ya jambo hilo ilikuwa rahisi. Shule ilikuwa mahali pa mtoto asiye na kwao. Kumpeleka mtoto mwenye kwao kulihitaji maelezo. Katika miaka hiyo mzigo wa kujieleza ulikuwa juu ya anayempeleka mtoto shule, si juu ya anayembakisha nyumbani. Ugeuzi wa mzigo huo ndio kiini cha historia inayofuata.

4.0 Mmoja Darasani, Mwingine Machungani

Utawala wa Waingereza uliunda Idara ya Elimu mwaka 1920. Tume ya Phelps-Stokes ilipita Afrika Mashariki mwaka 1924, na sheria ya elimu ya Waafrika ya mwaka 1927 iliweka utaratibu wa usajili wa shule na ruzuku kwa misheni zilizotimiza masharti. Shule ya Tabora, iliyofunguliwa mwaka 1925, ililenga kwanza watoto wa machifu. Kwa hiyo shule ilianza kuonekana kuwa njia ya madaraka, karani na tarishi wakiwa mfano wa karibu, lakini njia hiyo ilikuwa nyembamba na yenye ada.

Kaya zilijibu kwa hesabu. Katika masimulizi yanayosikika sehemu nyingi za Usukuma na majirani zake, mtoto aliyepelekwa shule alikuwa yule asiyefaa kuchunga: mdhaifu, mzembe, au asiyependwa sana. Masimulizi hayo yana chumvi, lakini yana mantiki. Mchungaji hodari alikuwa mali. Kumtoa machungani kulikuwa hasara inayohesabika. Mtoto mmoja darasani aliiwezesha kaya kusoma barua, risiti ya pamba na hati ya kodi. Mtoto wa pili darasani hakuongeza faida kwa kiwango hichohicho, ilhali aliongeza pengo zizini. Kaya haikuikataa shule; iliigawia fungu.

Njia ya pili ilikuwa kuchelewesha. Mfano mashuhuri kutoka Kanda ya Ziwa ni wa Julius Nyerere mwenyewe, mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki, aliyeanza Shule ya Mwisenge mjini Musoma mwaka 1934 akiwa na umri wa takriban miaka 12, baada ya utoto wa kuchunga mifugo. Kwa kanuni za leo, mtoto huyo angehesabiwa kuwa nje ya shule kwa miaka mitano. Kwa kanuni za kaya yake, alikuwa katika hatua ya kwanza ya elimu, na aliingia hatua ya pili alipokuwa tayari. Mfano mmoja hauthibitishi kwamba kuchelewa hakudhuru. Unathibitisha kwamba kuchelewa hakukuwa sawa na kutojifunza.

5.0 Kutoka Elimu ya Kujitegemea hadi Sheria ya 1978

Machi 1967, wiki chache baada ya Azimio la Arusha, Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Humo alikiri kwamba Waafrika walikuwa na elimu kabla ya shule, iliyopatikana kwa kuishi na kutenda, na aliilaumu shule ya kikoloni kwa kumtenga mtoto na jamii yake na kumfundisha kudharau ujuzi wa wazee wasiojua kusoma. Katika historia ya sera za elimu nchini, hakuna waraka uliokaribia zaidi kuitetea elimu ya kaya. Dawa aliyopendekeza, hata hivyo, haikuwa kuirudisha elimu kwenye kaya, bali kuigeuza shule iwe jumuiya yenye shamba lake. Shule ilipewa kazi ya kaya. Kaya haikupewa nafasi ya shule.

Hatua zilizofuata zilikwenda upande mmoja. Sheria ya Elimu ya 1969 iliziweka shule za misheni zilizopokea ruzuku chini ya serikali. Novemba 1974, kikao cha TANU mjini Musoma kiliamua kwamba Elimu ya Msingi kwa Wote ifikiwe ifikapo Novemba 1977, badala ya mwaka 1989 uliokuwa umepangwa awali. Wakati huohuo Operesheni Vijiji ilikuwa ikizihamisha kaya zilizotawanyika na kuziweka katika vijiji vya kudumu. Mambo haya mawili hayapasi kusomwa kama sura mbili tofauti. Kijiji kilihitajika ili shule iwe karibu, na shule ilikuwa mojawapo ya sababu zilizotolewa za kuhamia kijijini. Kwa mfugaji, hata hivyo, kijiji kilichomweka mtoto karibu na darasa kilimweka pia mbali na malisho. Umbali haukuondolewa, ulihamishiwa kwenye mifugo.

Sheria ya Elimu Namba 25 ya 1978 ilikamilisha ugeuzi. Ilimtaka mzazi wa kila mtoto aliyetimiza umri wa miaka 7 amwandikishe, na ahakikishe anahudhuria shuleni hadi amalize elimu ya msingi, na iliweka adhabu kwa anayekaidi. Mzigo wa kujieleza sasa ulimwangukia anayembakisha mtoto nyumbani. Tukilinganisha tarehe, tunaona njia mbili zikiachana: jarida la Holt likiwapa baadhi ya wazazi wa Marekani lugha ya kuutetea uamuzi wao, na sheria ya Tanzania ikiuondoa uamuzi kama huo katika lugha halali. Baada ya 1978, mzazi wa Ushirombo aliyembakisha mtoto machungani hakuwa tena na hoja mbele ya mtendaji wa kijiji. Alikuwa na udhuru au kosa.

Mafanikio ya kampeni hiyo ni makubwa na hayapaswi kupunguzwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 uandikishaji wa jumla ulikaribia watoto wote wa umri husika, jambo ambalo nchi chache maskini zilikuwa zimelifikia. Maelfu ya watoto wa kike, ambao kaya isingewapa fungu la shule hata kidogo, walijifunza kusoma kwa sababu dola ililazimisha.

6.0 Ada, Mtihani na Kujifelisha

Lazima ilidumu kisheria, lakini uwezo wa dola kuitekeleza ulidhoofika. Katika msukosuko wa uchumi wa miaka ya 1980, ada na michango vilirudi, majengo yalichakaa na vitabu vikaadimika. Mwishoni mwa miaka ya 1990 uandikishaji wa jumla ulikuwa umeshuka chini ya asilimia 80. Ada ilifutwa tena katika shule za msingi chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ulioanza mwaka 2002, na Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015 uliondoa ada na michango ya lazima hadi kidato cha nne kuanzia 2016.

Kupanda na kushuka huko kunapima jambo muhimu. Iwapo kutokwenda shule kungetokana na ukosefu wa mwamko peke yake, idadi isingefuata ada kwa ukaribu kiasi hicho. Wazazi walikuwa wakilinganisha gharama na faida, kama walivyofanya babu zao katika miaka ya 1930.

Ushahidi wenye uzito zaidi ni desturi ambayo maofisa wa elimu wameilalamikia mara kwa mara katika Kanda ya Ziwa: mzazi kumwagiza mtoto ajifelishe mtihani wa darasa la saba. Mtoto huhudhuria miaka yote saba, kisha siku ya mtihani huacha karatasi wazi au hujaza majibu asiyoyaamini. Desturi hii ililaumiwa zaidi baada ya shule za sekondari za kata kuongezeka kuanzia 2004, kwa kuwa kufaulu sasa kulimaanisha miaka mingine minne ya sare, michango na mkono mmoja kupungua nyumbani. Kujifelisha ni kitendo kinachohitaji ufahamu. Mzazi anayekipanga anaijua sheria, anajua mahali nguvu yake inapokoma, na anatoka kwa mlango uleule ambao dola imeuweka. Si ujinga wa shule. Ni ujuzi wa shule unaotumiwa dhidi yake. Lakini hapo ndipo tofauti kubwa na kujifunza bila shule kwa maana ya Holt inapoonekana. Kalamu iko mkononi mwa mtoto, na uamuzi ni wa mtu mwingine.

7.0 Duara: Nje ya Shule na Nje ya Kaya

Ukanda huu ni wa dhahabu pia. Mgodi wa kikoloni wa Geita, ulioanza kuzalisha katika miaka ya 1930, ulifungwa mwaka 1966. Wachimbaji wadogo waliongezeka sana katika miaka ya 1980 na 1990. Agosti 1996 waliondolewa Bulyanhulu kupisha mgodi mkubwa, na baadaye mgodi mpya wa Geita ukafunguliwa. Waliokosa ardhi walihamia machimbo mengine, yakiwamo ya Bukombe na Mbogwe, na watoto walikwenda nao. Mtoto huchota maji, huuza chakula, hubeba mawe kutoka kwenye duara, hulisha karasha, au huosha mchanga na kushika zebaki. Ripoti ya Human Rights Watch ya Agosti 2013, iliyotokana na utafiti katika wilaya za Chunya, Geita na Kahama, ilieleza watoto walioshuka mashimoni na waliochanganya zebaki kwa mikono. Sheria ya Mtoto ya 2009 ilikuwa tayari imepiga marufuku kazi za hatari kwa walio chini ya miaka 18.

Katika daftari la mahudhurio, mtoto wa duara na mtoto wa machungani hupata alama moja. Kihistoria hawafanani. Machungani palikuwa na hatua, mwalimu na mahali pa kurudi jioni. Kazi ya leo iliandaa cheo cha kesho. Duarani mtoto hupata ujuzi, lakini ujuzi huo haumpandishi kutoka utoto hadi utu uzima kwa hatua zinazotambuliwa na jamii. Humlipa kwa siku na kumdhuru kwa miaka. Fedha hiyo humtoa pia chini ya wazee bila kumweka chini ya mlezi mwingine. Kwa maneno mengine, mgodi haukuendeleza elimu ya kaya dhidi ya shule. Umezidhoofisha zote mbili kwa wakati mmoja. Anayewatetea wazazi wa kaya kwa hoja za sehemu ya pili ya insha hii hawezi kuzihamisha hoja hizo hadi duarani.

8.0 Uamuzi wa Nani? Swali la Mtoto wa Kike

Hata elimu ya kaya yenyewe haiwezi kuachwa bila kuhojiwa. Utafiti wa Demografia na Afya wa 2010 ulionyesha kuwa Mkoa wa Shinyanga, ambao wakati huo ulijumuisha Bukombe, ulikuwa na kiwango cha juu kabisa cha ndoa za utotoni nchini: asilimia 59 ya wanawake wenye umri wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kufikisha miaka 18. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi. Mahakama Kuu ilikibatilisha kifungu hicho mwaka 2016 katika shauri la Rebeca Gyumi, na Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu hiyo Oktoba 2019. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi.

Mahari ya ng'ombe iliunganisha mambo mawili ambayo mara nyingi husimuliwa mbalimbali. Ng'ombe waliokuja kwa binti aliyeolewa ndio walioongeza kundi la kuchungwa na mvulana. Mfumo uliomfundisha kaka kupitia mifugo ulimtaka dada aondoke mapema. Kwake yeye, kwa hiyo, kubaki nje ya shule hakukuwa kuchagua elimu nyingine. Kulikuwa kufupishwa kwa utoto. Na shule yenyewe, kwa miongo kadhaa, ilimfukuza alipopata mimba. Ni Novemba 2021 ndipo serikali ilipotoa waraka wa kuwaruhusu waliokatisha masomo, wakiwamo waliojifungua, kurejea. Msichana wa Ushirombo alifungiwa mlango na pande zote mbili zilizodai kumlea.

9.0 Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba hali inayoitwa utoro ilikuwa na angalau sura tatu. Ya kwanza ni kugawa na kuchelewesha: kaya ilimpeleka mtoto mmoja na kumbakisha mwingine, au ilimpeleka akiwa amekomaa, kwa sababu ilikuwa na elimu yake ya kutoa. Ya pili ni kutoka mapema kwa hila, kama kujifelisha, ambako kaya ilitii herufi ya sheria na kukataa shabaha yake. Ya tatu ni kukosa vyote, kama katika duara na katika ndoa ya mapema. Sura ya kwanza inastahili kuandikwa katika historia ya elimu, si pembeni yake. Ya pili inastahili kusomwa kama hukumu ya wazazi juu ya thamani ya shule waliyopewa. Ya tatu haistahili utetezi wa kitamaduni.

Sheria ya 1978 haikuzitofautisha sura hizi, na daftari la mahudhurio halizitofautishi hadi leo. Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Waliokosa, MEMKWA, ulioanza kwa majaribio mwishoni mwa miaka ya 1990, ulikaribia kufanya hivyo, kwa kuwa ulikubali kwamba mtoto anaweza kuingia kwa kuchelewa na kusoma kozi iliyofupishwa. Kwa kufanya hivyo ulirudisha, bila kukusudia, kanuni iliyomwezesha mchungaji wa Butiama kuanza shule akiwa na miaka 12.

Kwa mtafiti wa baadaye, pendekezo ni mahususi. Madaftari ya uandikishaji, kumbukumbu za misheni na mashauri ya mabaraza ya kata yasomwe kwa swali la wapi mtoto alikuwa, na si kwa swali la kwa nini hakuwapo shuleni peke yake. Swali la kwanza hufungua kaya, machunga, safari, duara na ukweni, kila mahali kwa uzito wake. Swali la pili lina jibu lililokwisha kuandikwa ndani ya neno mtoro, na jibu hilo linamhukumu mzazi aliyekuwa akifundisha sawasawa na yule aliyekuwa akiuza.